Maji ya Matendo Matatu

Nilipopelekwa kufanya kazi milimani nilikuwa na saa mpya ya mkononi. Nilikuwa nesi kijana, mwenyeji wa Tabora, na saa hiyo niliinunua Morogoro mjini siku moja kabla ya kupanda Uluguru. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Vitu ambavyo zamani tulivipata kwa foleni au kwa kujuana vilikuwa vimemwagwa chini kando ya barabara: sabuni za kunukia, mitumba, betri, redio za mfukoni, na saa ambazo muuzaji alikuwa akizitumbukiza kwenye glasi ya maji ili tuone wenyewe kwamba haziingii maji. Yangu ilikuwa na mshale wa sekunde, maana nesi bila mshale wa sekunde hawezi kuhesabu mapigo ya moyo wala pumzi. Mama alinifundisha kuswali, chuo kikanifundisha kuhesabu, na kufikia umri ule nilikuwa nimeshaamua kipi kati ya hivyo viwili kina faida zaidi.

Gari lilinifikisha mahali barabara ilipoishia, kutoka hapo ikawa miguu. Kwa mwenyeji ni mwendo wa saa mbili. Mimi nilitumia nne, kwa sababu kwetu ardhi imelala na miguu yangu haikuwahi kufundishwa kupanda. Aliyenipokea juu alikuwa katekista wa kigango, mfundisha dini wa kanisa dogo la pale, mzee mwembamba mwenye miaka kama sitini, ambaye watu wote walimwita mwalimu. Aliniuliza kabila, nikamwambia Mnyamwezi, akacheka mpaka akashika magoti, maana Waluguru na Wanyamwezi ni watani.

"Mnyamwezi asiyejua kubeba!" alisema, akiutazama mzigo wangu uliokuwa kichwani kwa mwanamke mmoja wa kijijini. "Babu zako walipita hapo chini na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani. Wewe kibegi tu kimekushinda?"

"Babu zangu walipita chini, mwalimu. Walikuwa na akili, hawakupanda huku."

Hapo tukawa ndugu. Niliishi kule miaka mitatu na hakuna siku tuliyokutana akaniacha bila kunichokoza.

Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba viwili yenye bati lililopigwa kutu. Tabibu alikuwa amehamishwa na mwingine hajaletwa, kwa hiyo kila kitu kilikuwa mimi. Ugonjwa wa kwanza kwenye daftari langu ulikuwa tumbo la kuendesha, wa pili ulikuwa huohuo, na ukifunua kurasa uliuona mpaka mwisho. Sababu haikuhitaji darubini. Mlimani kila mtu anaishi juu ya mwenzake. Choo cha huyu kiko juu ya chemchemi ya yule, na nguruwe wa yule wanalala juu ya mfereji wa mwingine. Nikaitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa, nikawaambia wachemshe maji ya kunywa, yaachwe yakitokota dakika kumi.

"Dakika kumi ndiyo kiasi gani, nesi?" aliuliza mama mmoja, na hakuwa anatania.

Kijiji kizima kilikuwa na saa tatu kama si nne, na iliyojulikana zaidi ni ya mwalimu. Ilikuwa imesimama saa nne kasoro robo tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka, na bado aliivaa kila Jumapili na kila safari. Kwa hiyo wako walioyachemsha maji yangu mpaka yakakauka sufuriani, na wako walioepua mara tu walipoona mapovu mawili. Nilipita nyumba kwa nyumba nikifoka. Sikuwa mpole siku zile, na siwezi kusema sasa hivi nimekuwa.

Dawa ya jambo hilo niliipata kwa bibi mmoja. Alikaa ng'ambo ya korongo na binti yake mjane, na tangu wiki yangu ya kwanza alikuwa akiniletea magimbi, akisema nesi mwenye mbavu zinazoonekana hawezi kuponya mtu. Siku moja alasiri nilimfuata kwake kumshukuru. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, chungu kiko kwenye mafiga, Rozari iko mkononi, midomo inacheza. Nikangoja. Alipomaliza alibusu msalaba, akaepua chungu bila kufunua kifuniko wala kuchoma gimbi hata moja kwa kijiti.

"Yameiva, bibi?"

"Yameiva. Matendo matano yamekwisha. Magimbi ya bondeni matano, ya huku juu sita, maana ni magumu."

Kwa asiyejua, Rozari imegawanywa katika mafungu matano, na kila fungu wenyewe wanaliita tendo: Baba Yetu mmoja, Salamu Maria kumi, na Atukuzwe. Mimi sikuyajua hayo, bibi ndiye aliyenieleza. Nikamwomba asali tendo moja tena, kwa mwendo wake uleule. Alidhani nimeguswa moyo. Nilikuwa nimeshikilia mkono wangu wa kushoto, nautazama mshale wa sekunde. Tendo moja la bibi lilichukua dakika nne kasoro sekunde chache. Nikamrudisha mara ya pili, ikawa vilevile. Salamu Maria yake moja ilikaa kwenye sekunde ishirini hasa, hapunguzi haongezi. Alikuwa ameisema kwa miaka zaidi ya sitini na ilikuwa imeshapata njia yake.

Matendo matatu, basi, ni dakika kumi na moja na ushei. Nilirudi zahanati nikicheka peke yangu njiani.

Jumapili iliyofuata nilisimama baada ya ibada nikawaambia akina mama: maji yakianza kutokota, anzeni kusali. Matendo matatu, mwendo wa bibi, kisha epueni. Bibi akasimama akawaonyesha mwendo, amejaa fahari. Nyumba mbili tatu za Waislamu niliwapa tasbihi kwa hesabu hiyohiyo. Kila mtu alielewa. Sijawahi kutoa somo la afya likaeleweka upesi kama lile, na kufikia mwisho wa mwezi kurasa za daftari langu zilianza kuwa na nafasi.

Aliyekasirika ni mwalimu. Alikuja kunitafuta, hakunikuta, akaacha ujumbe nimfuate bustanini kwake. Nilimkuta anamwagilia kabichi kwenye matuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimesikia unawapimia watu maji kwa Rozari."

"Ndiyo. Na inasaidia."

"Wewe unasali Rozari?"

"Mimi Muislamu, mwalimu, unajua."

"Haya. Na swala tano, unaswali?"

Nilitazama kabichi. "Siku nyingine."

"Kwa hiyo ya kwenu huitumii, umekuja kuazima ya kwetu," alisema. "Sala si saa, nesi."

Nilimjibu kama nilivyoamini. Nilimwambia mimi naitazama dini kama jembe. Siulizi jembe ni la kweli au si la kweli, nauliza kama linalima. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na swala tano ndizo zilizomwamsha mapema, zikamzuia kwenda kilabuni, zikamrudisha nyumbani kabla ya giza. Kama Mungu alikuwa anasikiliza au hasikilizi, sisi watoto tulikula. Sasa hapa watoto hawaharishi tena. Ubaya uko wapi?

Mwalimu aliweka chini keni yake ya kumwagilia. Nikadhani nimemshinda.

"Jembe ukiliweka nyuma ya mlango linakaa," alisema. "Halikuulizi kitu. Mungu anauliza. Mtu akimwita Mama wa Mungu mara thelathini kila siku, halafu wewe unamwambia hakuna anayeitwa, tunahesabu tu, mtu huyo atafanyaje?"

"Sijamwambia hivyo."

"Hujamwambia. Lakini ndivyo unavyofikiri, na yeye hajui."

Niliona anajitafutia heshima yake, kwamba nimeingia kwenye shamba lake bila hodi. Nikamtania kuhusu saa yake iliyosimama, akanitania kuhusu mbavu zangu, tukaachana vizuri. Maneno yake niliyatupa njiani.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, ambalo ni la neno moja. "Kuchemsha maji kwa muda wa matendo matatu" ni maneno mengi kwa mtu anayepita nyumba kwa nyumba mlimani akihema. Mimi mwenyewe, si mwingine, nilianza kuyafupisha. Nikifika mlangoni nilipiga hodi nikauliza, "Maji mmeyasalia?" Wakanijibu, "Tumeyasalia, nesi," nikaweka alama kwenye daftari nikaenda nyumba ya pili. Neno lilipendeza, likashika. Watoto waliniona kwa mbali wakapiga kelele, "Tumeyasalia!" Hata bwana afya wa wilaya alipokuja kukagua, akawauliza akina mama kama wanachemsha maji, nao wakamjibu kwamba wanayasalia, alinigeukia amekunja uso. Nikamtafsiria. Nilimwambia hapa kwetu kusalia maji ndiyo kuchemsha. Akacheka, akaandika kwamba kaya zote zinachemsha maji, na akanisifu mbele ya watu.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Msitu wa juu ulikuwa hifadhi ya serikali, na bwana misitu alikuwa amekuja mkali: kuni za kuokota tu, panga marufuku. Kuni za chini zilikuwa zinashuka mjini zimeshakuwa mkaa, kwa sababu ruksa ilikuwa imemfanya kila mwenye gari kuwa mfanyabiashara wa mkaa. Mafuta ya taa yalikuwepo dukani wakati wote, jambo ambalo halijawahi kutokea, ila bei yake ilipanda kila mara gari lilipokuja. Akina mama walikuwa na utani wao kwamba kuuza ni ruksa, kununua ndiyo bado hatujaruhusiwa. Nilicheka nao. Sikujiuliza wanapikia nini.

Katika kiangazi hicho nilimtembelea bibi, akanipa maji kwenye kata kutoka mtungini. Yalikuwa ya baridi na matamu.

"Umeyasalia, bibi?"

"Nimeyasalia, mjukuu wangu. Matendo matatu, siongopi."

Nikanywa kata nzima.

Masika yalipoanza, mvua ilikwangua mlima wote ikautia kwenye mifereji. Wiki ya kwanza nilipata wagonjwa sita wa kuhara, wiki ya pili sikuhesabu tena. Kila mmoja nilimuuliza swali langu, na kila mmoja alinijibu kwamba ameyasalia. Kwa kuwa nilikuwa na uhakika wa maji, nilihangaika na vingine. Nilihubiri kuhusu kunawa mikono, nilikataza matunda yasiyooshwa, nilimfokea mama mmoja mbele ya watu kuhusu nzi. Siku nane nzima nilipoteza hivyo. Saa yangu nayo, ile iliyozamishwa kwenye glasi kule mjini, iliingia maji siku ya pili ya mvua ikasimama. Niliendelea kuivaa, na mwalimu aliponiona nayo alitabasamu.

Asubuhi moja binti yake bibi alikuja zahanati mbio, khanga imelowa mpaka kiunoni. Mama yake alikuwa akiharisha tangu jana mchana na sasa hata kukaa hawezi. Nilichukua chupa mbili za dripu, ambazo ndizo zilizokuwa zimebaki, tukavuka korongo kwa kushikana mikono.

Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Nilitafuta mshipa mara tatu kabla ya kuupata. Dripu ilipoanza kushuka ndipo nikapata nafasi ya kutazama kule nyuma, upande wa jiko. Kwenye mafiga kulikuwa na kuku anaatamia. Majivu yalikuwa ya zamani, yamekauka na kuwa vumbi. Pembeni ulikuwepo mtungi wa maji, na Rozari ya bibi ilikuwa imevishwa shingoni mwa mtungi.

"Maji ya kunywa mmechemsha lini?" nilimuuliza binti.

Alinitazama kama ambaye hajasikia vizuri. "Kuchemsha? Si tunayasalia?"

"Mnayasalia yakiwa motoni!"

"Mwanzo ndiyo, yalikuwa motoni," alisema. Hakuwa na hofu yoyote, alikuwa ananieleza tu. "Kuni zilipokuwa taabu, chakula tukawa tunapika pamoja kwa majirani, na maji mama akasema tujaribu siku moja bila moto. Tukayasalia hivihivi, hakuna aliyeumwa. Tukajaribu tena. Kiangazi kizima, nesi, hata mtoto hakuharisha. Tukaona basi, kumbe kilichokuwa kinasaidia ni sala, moto ulikuwa wa bure. Tukawaambia na wenzetu."

Nilikaa chini kwenye udongo. Kiangazi chemchemi zile huwa safi, mtu angeweza kuzinywa bila moto na bila sala asidhurike. Lakini wao walifanya kama nilivyomwambia mwalimu kwenye kabichi zake: walijaribu, wakaona jembe linalima, hawakuuliza zaidi. Mimi nilichukua dakika za ile sala nikaiacha imani, wao wakachukua imani wakauacha moto. Na mimi ndiye niliyewapa neno. Niliuliza kama wameyasalia na wao wakanijibu ukweli mtupu, nyumba kwa nyumba, kiangazi kizima. Moto ulikuwa umetoka kwenye lile neno zamani, sala ikasalia peke yake, na mimi niliyekuwa nikilitamka kila siku sikusikia.

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka.

Chupa mbili zisingemtosha bibi. Ilibidi ashushwe mpaka barabarani, tupate gari la kabichi, tumfikishe hospitali mjini. Wanaume wanne wakafunga machela kwa miti miwili na blanketi, na mwalimu akaja na mwavuli wake, akapewa kazi ya kushika chupa juu. Kabla hatujaondoka alichungulia jikoni, akauona mtungi na ile Rozari. Nilisubiri aseme. Akaivua tu mtungini akamfunga bibi mkononi.

Shida ilikuwa matone. Bibi alikuwa mzee sana, na moyo wa mzee ukiumwagia maji kwa haraka unazama. Ukimpa polepole mno anakauka. Ni lazima uhesabu matone kwa dakika, na sisi tulikuwa na saa mbili zilizosimama, yake na yangu. Tulikuwa tumeshuka hatua kama mia mbili nilipomwambia.

"Mwalimu, nisaidie. Nisalie Salamu Maria kwa sauti."

Alinitazama chini ya mwavuli, mvua inamtiririka kwenye kidevu. Alijua ninataka nini.

"Sekunde ishirini," nilisema. "Mwendo wa bibi. Tafadhali, mzee wangu."

Nilitegemea anikumbushe kwamba sala si saa. Badala yake alianza kusali. Ya kwanza aliisema haraka, nikamwambia, "Taratibu, bibi haendi hivyo." Ya pili akaipata. Nikahesabu matone, nikakaza kigurudumu kidogo cha kwenye mpira wa dripu, nikahesabu tena katika ya tatu. Hivyo ndivyo tulivyoshuka: wabebaji wanateleza na kutukanana kwa upole, mwalimu anasali, mimi nimekodoa macho kwenye kikombe cha plastiki yanamodondokea matone. Kila baada ya muda nilimshika bibi mkono. Ulikuwa wa baridi, na mapigo niliyapata kwa kubahatisha.

Baada ya kivuko cha pili cha kijito kuna mahali njia inapanda kabla ya kushuka tena. Mwalimu alikuwa ameshusha sauti kidogo kidogo, na pale kwenye kupanda ikakatika kabisa. Alisimama, mkono mmoja kifuani, akanikabidhi chupa.

"Mtani," alisema akihema, "leo beba."

Niliipokea nikainyanyua. Na kwa sababu bila sala hakukuwa na saa, nikaanza kuisema mwenyewe. Nilikuwa nimeijua yote. Nani asingeijua, baada ya kuipima mara zote zile? Niliisema kwa sauti, kwa mwendo wa bibi, mtoto wa Kiislamu wa Tabora, na wabebaji hawakugeuka. Nilihesabu matone katika ya kwanza na ya pili. Kisha nikamtazama bibi, nikaona midomo yake imekuwa rangi ya majivu, na ile Rozari mkononi mwake haitikisiki ila kwa hatua za wabebaji.

Sijui ni ya ngapi. Ninachojua ni kwamba wakati fulani pale kwenye kupanda niligundua sitazami matone. Macho yangu yalikuwa kwenye uso wake, na nilikuwa nasema maneno yaleyale kwa sauti iliyokuwa karibu na kilio, wala sikuwa napima chochote. Nilikuwa naomba. Kama kulikuwa na anayeitwa, nilikuwa namwita. Nilimwomba asimchukue bibi kwa kosa langu. Tulipofika juu mwalimu alitufikia, akashika tena chupa, na mimi nikarudi kuhesabu. Matone yalikuwa yanakwenda sawasawa na nilivyoyaacha.

Nimeulizwa na watu wachache niliowasimulia kama siku ile niliamini. Nawajibu kwamba sijui. Najua tu kwamba kuna tofauti kati ya kusema maneno ili upate dakika na kuyasema ili upate mtu, na kwamba tofauti hiyo haionekani kwenye saa. Mwalimu alikuwa amejaribu kunieleza hivyo bustanini, kwa maneno yake.

Gari la kabichi tulilipata. Hospitali walimtia chupa nyingine nyingi. Kijijini, nikiwa bado mjini, mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba kwa niaba yangu akisema neno moja tu, chemsheni, na akamfuata bwana misitu mpaka kwake wakaelewana siku mbili kwa wiki za kukata kuni. Hilo alilifanya bila kuombwa, na hakuwahi kunikumbusha. Wagonjwa walipungua kabla ya mvua kwisha.

Siku ya tatu bibi alifungua macho vizuri. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda na maneno yangu nimeyapanga. Nilimweleza yote: vidudu, moto, kiangazi, chemchemi, na neno langu lililowapoteza. Nilimwomba radhi. Nilimwambia sala ni yake na Mungu wake, mimi simo, lakini maji hayawi salama mpaka yapite motoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni.

"Nimeelewa," alisema. "Nitachemsha."

"Ahsante, bibi."

"Ila wewe mbona ulisali bila moto?"

Nilidhani anaweweseka. "Lini?"

"Juzi, njiani. Nilikuwa nasikia. Mwalimu alikuwa anasali, wewe unahesabu. Halafu ukasali wewe." Alivuta pumzi, maana maneno yalikuwa bado yanamchosha. "Mwanzo ulihesabu. Baadaye hukuhesabu."

Nikanyanyuka, nikammiminia maji kwenye kikombe, nikamwinua kichwa kwa mkono wangu. Hakunywa. Aliyatazama kwanza.

"Umeyachemsha?"

"Nimeyachemsha, bibi."

"Na umeyasalia?"

Nikamwambia nimeyasalia. Ilikuwa kweli, asubuhi ile yakiwa motoni, na hakuniuliza matendo mangapi.